Alisomewa, Akakubali

Nilipaswa kukataa asubuhi ileile, kabla chai haijapoa. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa karani wa ofisi ya mashtaka hapa Kindu. Mwendesha mashtaka niliyemwandikia aliweka mbele yangu rundo la karatasi nyeupe, zimekatwa nusu kwa rula, akasema, "Karani, kuanzia leo utaandika mwisho kwanza."

Mwisho ni yale maneno yanayofunga kila PV, yaani karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa. Mtu husema kwa Kiswahili, mwendesha mashtaka huandika kwa Kifaransa, kisha karani humsomea yule mtu kwa Kiswahili yote yaliyoandikwa, ili kama kuna jambo limeachwa alirudishe. Ndipo huandikwa chini: alisomewa, akakubali, akaweka alama ya kidole. Karani naye hutia sahihi kwamba kweli alisoma. Shefu, ndivyo tulivyomwita, aliona kazi hii ya kusoma inamla muda. Watu walikuwa wamejaa barazani tangu alfajiri, na wakubwa wa wakati ule walitaka mafaili yaende haraka. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Basi niketi asubuhi, niandike maneno yale na sahihi yangu chini ya karatasi tupu ishirini au thelathini, naye atajaza huko juu kadiri watu watakavyoingia.

Nilijua si sawa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilikuwa na akili timamu, hakuna aliyenishikia silaha. Nikafungua kalamu.

Naanza na kosa langu kwa sababu nikianza na yeye watu hucheka, nami hucheka nao, halafu najikuta nimefika mwisho wa hadithi bila kusema nilichotaka kusema. Ni mtu wa kuchekesha, na ni mtu wa kuchosha. Nimemjua zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kutoka kwake bila kuumwa kichwa.

Chukua habari ya karatasi. Treni ilikuwa imekatika, na kila kilichokuwa kikija kwa reli kilitoweka, karatasi ikiwa ya kwanza. Shefu akaanza kuibania kama mtu anayebania chumvi. Kwanza alikata nusu. Kisha akakataza mistari mitupu. Mwishowe akaanza kubania maneno yenyewe. Mtu alilia mbele yake, akaeleza jua lilivyokuwa kali, mtoto alivyokuwa na homa, mpira wa baiskeli ulivyopasuka kabla ya kivuko, na Shefu akaandika neno moja: "Alipita." Nikimwangalia, alisema, "Fupi, Karani, fupi! Muntu anasema mingi, sheria inataka kidogo."

Na kila ulichomlalamikia alikijibu kwa neno moja: "Imeandikwa." Mkewe akisema sombe imepoa mezani, imeandikwa. Nikisema paa linavuja juu ya rejista, imeandikwa. Hakuna kilichoandikwa popote. Paa lile lilivuja mpaka mimi nilipopanda juu mwenyewe na kipande cha hema.

Usidhani alikuwa mla rushwa. Hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi, kwa sababu mla rushwa unamwelewa. Siku moja ukoo mmoja kutoka upande wa Obokote ulileta mbuzi ili mtoto wao, mtu mzima mwenye ndevu, aachiliwe. Mwendesha mashtaka mwingine angechukua, au angewafukuza. Yeye aliandikia mbuzi PV. Rangi, pembe, umri wa kukadiria. Palipohitajika maelezo ya mtuhumiwa akaandika, "Hana la kusema." Kisha akanikabidhi mbuzi awe kielelezo, nimlishe mpaka wenyewe watakaporudi kumchukua kwa hiari. Nilikaa naye siku kumi na moja. Alikula pazia la ofisi na kurasa mbili za rejista. Wale watu waliporudi, wamechoka, miguu imevimba, mzee wao akauliza kwa unyonge, "Shefu, mbuzi tumemuona. Na mutoto wetu?"

"Mutoto wenu nilimuachia ile siku ya kwanza, mbele ya mbuzi kufika," akajibu. "Hakukuwa na kosa. Iko kwa shangazi yake, huku mtaa wa Kasuku."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Hamukuniuliza."

Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kinyesi cha mbuzi kwenye viatu.

Alivaa koti moja miaka yote ya vita, analipiga pasi ya makaa mwenyewe, kwa sababu alisema mkewe hakunji kola sawasawa. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kumpiga mtu wala kuruhusu mtu apigwe ndani ya ofisi yake, na kuna siku alisimama mlangoni mbele ya askari wawili wenye bunduki akawaambia watoke nje wapanguse matope, nao wakatoka. Mtu huyo huyo hakuona ubaya wowote wa mimi kuandika mwisho kabla ya mwanzo. Nimejaribu kuviweka pamoja vitu hivi viwili, na havikai.

Sasa nitasema habari ya shemeji.

Dada yangu mdogo aliolewa Alunguli, ng'ambo ya mto, na mbeba mizigo wa baiskeli. Alisukuma chumvi na sabuni hadi Pangi, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Karatasi ya mahari yao niliiandika mimi. Barua zake zote kwa ndugu zake niliziandika mimi. Hakujua Kifaransa, lakini mwandiko wangu aliujua kama anavyojua sura yangu.

Siku moja wapiganaji wa msituni walimsimamisha njiani, wakamwekea bunduki shingoni, wakachukua betri za tochi zilizokuwa kwenye mzigo. Alipofika mjini akakamatwa kwa kuwapelekea maadui vifaa. Siku hiyo mimi nilikuwa nimevuka mto, niko Alunguli kwenye mazishi. Karatasi zangu zilikuwa tayari mezani, na sahihi. Shefu alimsikiliza, akaandika kwa Kifaransa, kwa ufupi wake: alikutana na wapiganaji, akawapa betri. Chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri: alisomewa, akakubali. Bunduki haikuandikwa. Shefu hakuidharau wala hakumchukia shemeji. Aliiacha kama alivyoacha jua na homa na mpira wa baiskeli. Laiti mtu mmoja angemsomea, shemeji angeuliza bunduki iko wapi, na ingewekwa.

Kesho yake nikakuta amekwisha pelekwa gerezani. Nikaisoma ile karatasi. Nilikwenda kumwona, akanishika mkono kupitia kwenye nondo, akauliza, "Shemeji, ile bunduki iko kwenye karatasi?" Nikamwambia iko. Nilijisemea nitaongea na Shefu, itarekebishwa kimyakimya, hakuna haja ya kumtia hofu. Sikuongea na Shefu. Kuongea kulikuwa ni kukiri kwamba sahihi yangu ilikuwa ya uongo, na siyo kwenye karatasi ile tu. Niliogopa kufukuzwa kazi, na niliogopa kitakachonipata nikisha fukuzwa.

Dada naye akaja kwangu. Lazima ujue kwamba kaka yetu mkubwa alikuwa ameuawa na wapiganaji haohao wa msituni, njia hiyohiyo ya Pangi. Akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Yaya," akasema, kama huku tunavyomwita ndugu mkubwa, "nieleze wewe, sitaki ya watu. Aliwapa yeye mwenyewe? Alikubali kweli?"

Nikamjibu, "Alisomewa, akakubali."

Gerezani mtu hula anacholetewa na watu wake. Dada alipeleka chakula wiki ile, kisha akaacha. Alisema hawezi kumpikia mtu aliyewalisha waliomuua kaka yake. Mama mkwe wake, mwanamke mzee, ndiye aliyevuka mto siku alizoweza. Shemeji alihukumiwa, akafa huko masika ya pili, kwa kuhara. Dada alikwenda kwenye mazishi na hakulia.

Baada ya hapo kila Idi alinitumia sahani ya pilau, imefunikwa kitambaa chenye ua la bluu. Nilibaki ndugu yake pekee, alisema, na mimi ndiye niliyemwambia ukweli ulipokuwa mchungu. Nilikula. Miaka yote hiyo nilikula.

Vita vilipokwisha, Shefu akaacha kazi ya serikali. Hakumweleza mtu kwa nini. Baada ya muda tukamwona mahakamani amevaa joho jeusi, anatetea wezi na wachimba madini na wanawake waliotuhumiwa uchawi. Mji mzima ukaanza kumwita Metre, kama wanavyoitwa mawakili. Mdomo wangu umekataa kubadilika, namwita Shefu mpaka leo, na kila mara hunirekebisha, na kila mara namjibu imeandikwa.

Utetezi wake ulikuwa mmoja tu, na ulinitia wazimu. Nilikwenda kumsikiliza mara ya kwanza katika kesi ya mchimbaji wa Pangi aliyeshtakiwa kumjeruhi mwenzake kwa sururu. Shefu akasimama, akainua PV kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Bwana Rais wa mahakama, naomba karani aliyetia sahihi hii aitwe."

Karani akaja, kijana msafi, tai imemkaba.

"Ulimsomea huyu muntu?"

"Ndiyo, Metre. Imeandikwa hapo."

"Naona imeandikwa. Nakuuliza ulimsomea. Saa ngapi? Umesimama ao umekaa? Alisema nini ulipofika mustari wa tatu?"

Kijana akatazama dari. Shefu akasubiri. Anajua kusubiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mwishowe kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile watu walikuwa wengi.

PV ikatupwa, mchimbaji akaenda zake. Shefu akanikuta nje, joho lake tayari kwenye mfuko wa plastiki, uso unang'aa. "Umeona, Karani? Wangali wanaandika mwisho kwanza!"

"Na nani aliwafundisha, Shefu?"

"Metre."

"Nani aliwafundisha?"

"Mimi na wewe," akasema, bila aibu hata kidogo. "Lakini mimi niliacha. Pikipiki!"

Akapanda. Kupanda pikipiki na mtu huyu ni adhabu. Dereva akisema tutafika sasa hivi, yeye humuuliza sasa hivi ni dakika ngapi, na mbona jana alisema hivyohivyo tukachelewa, na je, anadumisha maneno yake ya jana ao anayabadilisha. Madereva wa Kasuku wakimwona huinama kujifanya wanakagua minyororo.

Na watu wanampenda! Hilo ndilo silielewi. Watu aliowafunga humsalimia sokoni. Kuna muuza mawese aliyekaa ndani miaka miwili kwa mkono wake, na leo Shefu ndiye wakili wake, naye humchagulia mafuta mekundu safi. "Metre alinifunga vizuri," husema, na wote wawili hucheka. Mimi nimesimama hapo na kikapu, na hakuna anayenikumbuka, na nashukuru hawanikumbuki.

Miaka michache iliyopita macho yake yakaanza kufa. Anaona mwanga na vivuli tu. Mwanasheria kijana aliyeajiriwa amsomee alikimbia baada ya mwezi mmoja. Basi Shefu akanitumia ujumbe niende kumsomea mafaili. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nikaenda. Nimestaafu, mke wangu alifariki, nyumba yangu ina saa ya ukutani tu. Mara tatu kwa wiki, asubuhi, naketi katika chumba chake kilichojaa makabrasha.

"Nisomee."

Nasoma.

"Polepole. Rudia mustari. Umeruka kitu."

"Sijaruka."

"Umeruka 'lakini'. Rudia."

Na kweli nimeruka. Anataka kila kitu sasa. Jua, homa, mpira wa baiskeli. Wateja wakija huwaambia waseme yote, nami niandike yote, na saa sita mkono wangu umekakamaa. Nikimkumbusha habari ya fupi, fupi, anasema zamani karatasi ilikuwa adimu.

Mwaka jana dada aliniomba neno. Wanawe wamekua, wanataka kujua baba yao alisema nini hasa. "Yaya, wewe uko kwa yule Metre kila siku. Muulize. Kama kuna nakala, nitafutie." Nilimwambia mafaili ya wakati ule yaliuzwa sokoni, kina mama wakafungia maandazi, na hiyo ni kweli. Akasema, "Basi muulize kichwani mwake." Nikasema sawa. Nikakaa miezi sita bila kuuliza, kwa sababu nilijua jibu, na nilijua nikilisikia kwa mdomo wa mtu mwingine nitalazimika kulivusha mto.

Lilikuja lenyewe. Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nikimsomea PV ya kijana mmoja wa Kabambare. Nikafika chini, nikasoma: alisomewa, akakubali. Shefu akainua kidole.

"Karani. Yule shemeji yako wa baiskeli."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Yule hakutaka kuweka kidole," akasema. "Aliniuliza hapa pameandikwa nini. Sikuwa na muda. Akaangalia chini, akaona muandiko. Akauliza, 'Hii si ya shemeji?' Nikamwambia ndiyo, njo yake. Akacheka. Akasema, 'Kama njo shemeji ameandika, iko sawa.' Akaweka kidole."

Nililiweka faili mezani. Kisha nikasema, "Miaka yote hii, Shefu. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilitaka kumrushia faili. Nakiri hivyo. Nilisimama, nikaketi tena, nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu ile asubuhi ya chai. "Ile siku uliponiambia niandike mwisho kwanza. Kama ningekataa?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kwa macho yale yasiyoona, kama mtu anayetafuta tarehe.

"Ningekufokea mpaka saa sita," akasema. "Kisha ungewasomea. Ningefanya nini? Nilikuwa na karani mumoja tu."

"Usingenifukuza?"

"Nikufukuze, nani ataandika?" Akakunja uso, amekereka kwa swali la kipumbavu. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akasema, "Nilikuwa nasubiri muntu mumoja anikatalie. Sikujua kama nasubiri. Soma sasa, kijana iko ndani."

Hakuomba radhi. Hajawahi kumwomba mtu radhi maishani mwake, na sidhani anajua inavyofanywa. Nilisoma faili hadi mwisho, kila 'lakini', kwa sababu kijana wa Kabambare kweli alikuwa ndani, gerezani. Kisha nikashuka kivukoni.

Dada alikuwa akipepeta mchele uani. Nilimwambia yote kwa mpangilio: karatasi tupu, bunduki, nondo za gereza, mwandiko. Sikupunguza kitu. Alipepeta mpaka nilipomaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Alikuuliza kama bunduki iko, ukasema iko?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilipokuuliza mlangoni, ulikuwa umekwisha kutoka kumwona?"

"Nilikuwa nimekwisha kutoka kumwona."

"Nilimwachia njaa, yaya." Alisema hivyo tu, taratibu, akinitazama. Kisha akaokota ungo, akaingia ndani, na mwanawe mkubwa akaja kunionyesha njia ya kwenda mtoni, kana kwamba siijui.

Idi mbili zimepita bila sahani. Bado naenda kumsomea Shefu, bado ananirekebisha, na wiki iliyopita alidai nimeruka nukta. Sahihi yangu ya asubuhi ile ilimgharimu shemeji maisha yake, na mimi ilinigharimu dada yangu. Yuko hai, yuko Alunguli, ng'ambo tu ya mto, na hanisalimii.